Mtama wa Zizi la Zamani

Katika mji wa wakwe zangu mimi nilikuwa nakula mwisho. Hilo peke yake halikuwa jambo la ajabu. Hata kwetu Mamba, kwenye mashamba ya mpunga, mke mgeni hasogezi kigoda chake karibu na mama mkwe siku za kwanza. Lakini kwetu anayekula mwisho huwa amewekewa chake. Pale sikuwekewa. Nilikuwa nasonga ugali, nanawisha watu mikono, narudi jikoni kuloweka sufuria, na sahani zikirudi zinakuwa zimekombwa. Unga alikuwa anaupima mama mkwe mwenyewe kwa bakuli, na alijua kupima.

Mwanzoni nilidhani ni bahati mbaya. Baadaye nikajifunza kuficha michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa, kwenye kopo nyuma ya mafiga. Wenzangu wakienda kupumzika, mimi natafuna michembe mikavu, nashushia maji.

Wakwe zangu ni Wasukuma, walikuwa wametoka kaskazini na ng'ombe zao, wakajenga ndani kidogo ya barabara, upande wa huku wa Sitalike kama unatokea Mpanda. Mimi ni Mpimbwe. Mume wangu alinikuta mnadani nikiuza mchele, tukapendana, akawaambia wazazi wake, na mama yake akakataa. Alitaka binti wa watu wao, anayejua ng'ombe. Baba yake akasema mtoto amekwisha kupenda, mahari ikatoka, na mimi nikaingia katika nyumba ambayo nusu yake haikunitaka. Nilipojifungua mtoto wa kike, mama mkwe alimwangalia kwenye kitenge, akasema kwa Kiswahili ili nisikie vizuri, "Ng'ombe zote zile, halafu tumeletewa hiki."

Baba mkwe alikuwa tofauti. Alikuwa mzee mrefu wa maneno machache. Wakati mwingine alikuwa anabakiza tonge kwenye sahani yake, anaisukuma mbali na kusema, "Nimeshiba, mpeni mama mtoto." Nilijua hajashiba.

Mume wangu alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu, anakuja mara moja moja. Mdogo wake, shemeji yangu, ndiye aliyebaki nyumbani na ng'ombe. Basi tulikuwa watano pale: wazee wawili, shemeji, mimi na binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minne.

Shamba la mtama lililokuwa karibu na nyumba lilikuwa zizi la zamani. Ng'ombe walilala pale miaka mingi, kisha zizi likahamishwa, ardhi ikabaki nyeusi kwa samadi. Kila kitu kiliota pale kwa fujo: mtama, mchicha, na gugu moja la maua meupe marefu kama tarumbeta, lenye matunda ya mviringo yaliyojaa miiba. Ng'ombe hawakuligusa. Wakati wa palizi niling'oa nililoweza. Mengine yakakua pamoja na mtama, yakakauka nao, tukayakata nao wakati wa mavuno. Tulipopura, matunda yale yakapasuka na mbegu zake zikamwagika uwanjani.

Mtama mzuri tuliupepeta, ukaingia kwenye magunia ya kuuza. Yale mabaki ya chini, yaliyozolewa pamoja na vumbi, mama mkwe akayatia kwenye kiroba.

"Mama, haya yana uchafu mwingi," nikamwambia. "Tuwape kuku."

"Kwenu mnalisha kuku chakula cha watu?"

Sikujua lolote kuhusu zile mbegu. Nilichoona mimi ni uchafu tu, punje nyeusi nyeusi katikati ya mtama mwekundu. Siku chache baadaye alijitwisha kiroba kile mwenyewe, akaenda kusagisha mashineni.

Siku ya kwanza kuutumia unga ule ilikuwa siku ya jua kali. Shemeji alikuwa machungani tangu asubuhi. Mama mkwe alinipimia unga, nikasonga, nikapeleka na mlenda na maziwa ya mgando. Mtoto alikula na bibi yake. Yeye hakunyimwa, tena bibi yake alikuwa anamkatia matonge madogo na kumpulizia.

Baba mkwe alitafuna, akaniangalia. "Ugali una uchungu kidogo."

"Ni mikono ya aliyeusonga," mama mkwe akajibu.

Mzee alibakiza tonge, akasukuma sahani kama kawaida yake. Kabla sijanyoosha mkono, mama mkwe akalichukua, akalichovya kwenye mlenda, akalimaliza huku ananitazama. Nikaenda jikoni kwenye kopo langu.

Wa kwanza kulalamika alikuwa mzee. Aliomba maji, akanywa, akaomba tena. Akasema ulimi wake umekuwa kama gome la mti. Akasimama kwenda kivulini, akayumba, akashika ukuta. Nilidhani ni jua. Kisha nikasikia binti yangu anacheka. Alikuwa anacheka peke yake, anakimbia kuelekea kwenye uzio wa miiba kama vile hauoni, na nilipomdaka alikuwa wa moto na mkavu. Macho yake yalikuwa meusi matupu. Hakunijua. Aliuparamia uso wangu kwa vidole, anachuma vitu ambavyo mimi sivioni.

Mama mkwe alikuwa amekaa chini katikati ya uwanja, anavuta uzi hewani. Anauvuta, anauzungusha kidoleni, anauvuta tena. Akaanza kuita ng'ombe kwa sauti ya juu, ng'ombe ambao shemeji aliniambia baadaye walikufa kabla hajazaliwa. Kisha akasema anaungua, akavua blauzi, akavua kitenge, akabaki kama alivyozaliwa, mama wa watu, mbele ya mlango wake.

Nilipiga kelele ya msaada. Majirani walikuja mbio. Wapo waliokuja na huruma, lakini wengi walipoona sinema ile walisimama. Kijana mmoja wa bodaboda akatoa simu. Nikachukua khanga nikamfunika mama mkwe, akaitupa, akakimbia. Nikamfuata, nikamfunika, akaitupa tena. Watu wakacheka. Walicheka Wasukuma, walicheka Wapimbwe wenzangu, walicheka na wale waliokuwa wanapita tu njia. Video ile ilizunguka mpaka Mpanda. Muda mrefu baadaye mwanamke mmoja alinionyesha kwenye simu yake, anacheka mpaka machozi, hajui kwamba yule anayekimbia nyuma na khanga ni mimi.

Shemeji alifika na ng'ombe watu wakiwa wamejaa. Aliwaacha ng'ombe wajiendee, akapasua katikati ya watu.

"Nani amepika?"

"Mimi, shemeji."

"Na wewe umekula?"

"Sijala."

Hakuuliza swali la tatu. Fimbo ya kuchungia ni nzito upande mmoja, na aliushika ule upande mwembamba. Pigo la kwanza nilikinga kwa mkono wa kushoto, nikasikia mfupa unalia. Nikaanguka. Alipochoka kupiga akachukua kamba ya kufungia ndama, akanifunga mikono kwa nyuma kwenye nguzo ya zizi. Kamba ilipokaza ule mkono, nilijikojolea. Hakuna aliyemzuia.

"Mwanangu naye anaumwa!" nililia. "Nimlishe sumu mwanangu mwenyewe?"

"Nyie wachawi ndio mnaanza na wenu," mwanamke mmoja akajibu. Nilimjua. Chekecheke langu la unga lilikuwa nyumbani kwake. Aliliazima wiki iliyopita.

Mtu akasema sumu huuawa kwa maziwa. Maziwa yalikuwepo, ndoo nzima. Shemeji akamlaza baba yake chali, akamkalia kifuani, mwingine akashika kichwa, na shemeji akammiminia maziwa kwa jagi. Mzee alikuwa haelewi yuko wapi. Alikuwa anaongea na watu wasiokuwepo, na maziwa yakaingia katikati ya maneno. Akakukurika. Yakatokea puani, yakamwagika kwenye ndevu zake.

"Hamezi!" nikapiga kelele. "Shemeji, mkalishe, hamezi! Anapaliwa!"

"Mfungeni mdomo huyo."

Wakaendelea mpaka jagi likaisha. Mzee alikohoa kikohozi cha chini, chenye maji, kisha akatulia, anahema kwa kukoroma. Watu wakasema ametulia, maziwa yamefanya kazi. Wakamwendea mama mkwe, akawang'ata. Wakamgeukia mtoto wangu.

Sikumbuki nilisema nini hapo. Wanasema nilitukana matusi ambayo hayajawahi kusikika pale. Ninachokumbuka ni mwenyekiti wa kitongoji akifika kwenye pikipiki, koti lake limechanika kwapani, akamnyang'anya shemeji jagi na kulitupa.

"Mnamfanya nini mtoto?"

"Wamelogwa, mwenyekiti. Mchawi tumemfunga yule pale."

Mwenyekiti alinitazama, akawatazama wagonjwa. "Uchawi mtaujadili baadaye. Leteni toyo, wote waende kituo cha afya. Na huyu mfungue, aende naye."

"Huyu aende polisi!"

"Baadaye, nimesema."

Tulipakiwa kwenye toyo, ile pikipiki ya miguu mitatu ya kubebea mizigo, kama magunia. Mama mkwe alifungwa kwa vitenge ili asiruke. Mimi nilimpakata binti yangu kwa mkono mmoja. Kila tuta la barabara lilikuwa linapita ndani ya ule mkono mwingine. Shemeji alikaa mbele yangu na fimbo yake, hanitazami, ananilinda nisikimbie.

Daktari wa kituo alikuwa kijana mdogo, amevaa kandambili. Hakutaka hadithi. Alimfunua mtoto jicho, akamulika kwa simu. Mboni ilikuwa imetanuka mpaka rangi ya jicho haionekani, na mwanga haukuifanya kitu. Akaingiza vidole kwapani kwa mtoto.

"Anaungua, na hana jasho hata tone." Akafanya hivyo hivyo kwa mama mkwe. "Wamekula nini?"

"Wamelogwa," shemeji akasema.

"Mchawi hakaushi makwapa. Wamekula nini?"

"Muulize huyu."

Nikasema: ugali wa mtama, mlenda, maziwa. Mtama umetoka wapi? Shambani. Shamba liko wapi? Zizi la zamani. Akaniuliza kama kuna gugu lenye maua meupe na tunda la miiba. Nikasema lipo, limejaa. Akatikisa kichwa, akampigia simu mwenyekiti aje na unga na mtama uliobaki, na tawi la hilo gugu kama lipo.

Kisha kazi ikaanza. Daktari alisema hana dawa ya kuitoa sumu ile moja kwa moja. Kazi ni kuwashikilia mpaka itoke yenyewe. Mwanga na kelele vinawazidishia, kwa hiyo nesi, mama mtu mzima, akaziba madirisha kwa mashuka na kuwafukuza waliokuja kuangalia. Mama mkwe alichomwa sindano ya kumtuliza, akawekewa dripu. Tumbo lake la chini lilikuwa limevimba kwa mkojo ambao mwili ulikuwa umesahau kuutoa, akawekewa mpira. Mtoto alikuwa anaweza kumeza, basi akakalishwa, akanyweshwa mkaa wa dawa uliokorogwa na maji, taratibu, kijiko kwa kijiko. Midomo yake ikawa myeusi kama amekula masizi. Mzee walimwegemeza, wakamnyonya kifua kwa mpira. Nilimwona daktari anaangalia kilichokuja kwenye mpira ule, cheupe.

"Mlimpa nini huyu?"

"Maziwa," shemeji akasema.

Daktari aliinama, akaendelea kukinyonya kifua.

Nesi alisema lazima wakandwe kwa maji, la sivyo joto litaharibu ubongo. Kila mgonjwa na mtu wake. Shemeji akamchukua baba yake. Mama yake alikuwa uchi chini ya shuka, na mtoto wa kiume hawezi kumkanda mama yake mzazi. Akasimama mlangoni, anaangalia sakafu.

"Mwanamke yupi amekuja nao?" nesi akauliza.

"Huyu tu. Na huyu haruhusiwi kumgusa mama."

"Basi mguse wewe."

Nesi akanifunga mkono wangu kwa bandeji na kipande cha boksi, akaniambia, "Vumilia, wa kwako tutauangalia baadaye." Akanipa beseni na kitambaa.

Nilianza na binti yangu. Nilipoona amelegea na kusinzia, nikahamia kwa mama mkwe. Shingo, kwapa, mapaja. Nachovya, nakamua kwa mkono mmoja na magoti, nakanda. Alinikwaruza. Alinitemea mate, ila mate hakuwa nayo. Kisha ghafla akatulia, akanishika mkono na kuniita dada. Alikuwa ananiona mimi kuwa dada yake, marehemu.

"Dada, njoo nikuambie," akasema kwa Kisukuma. Walikuwa wanadhani Kisukuma sikijui. "Huyu mwanamke wa mwanangu simpi chakula. Napima unga wetu tu. Mzee anambakizia, nami namalizia. Njaa itamrudisha kwao, na hakuna atakayesema nimemfukuza mimi."

Akacheka kidogo, kama msichana anayetoa siri. Nesi, ambaye naye alikuwa mtu wa kaskazini, aliacha alichokuwa anafanya. Shemeji alikuwa pale pale mlangoni. Nilimgeukia. Alikuwa amesikia kila neno, nikaona amesikia, akageuza uso kwa baba yake.

Nilichovya kitambaa, nikaendelea. Sitasema nilimkanda kwa upendo. Nilimkanda kwa sababu nilitaka akili yake irudi nzima, na akumbuke alichokisema.

Mzee alifariki kesho yake mchana. Homa ilikuwa imehamia kifuani, na pumzi yake ilikuwa inasikika hadi nje. Gari la kumpeleka Mpanda lilikuwa limeitwa, lakini halikuwahi. Daktari alimtoa shemeji nje, mimi nikiwa nimekaa kwenye benchi na mwanangu, hakujali kama nasikia.

"Baba yako alikula sawa na wengine. Wengine wanaendelea vizuri. Mbegu zile hazikumuua. Kilichomuua ni maziwa yaliyoingia kwenye mapafu."

Shemeji alikuwa kijana mkubwa wa mwili. Alikaa chini pale pale, kwenye changarawe.

"Usimwambie mama," akasema.

"Mimi nakuambia wewe."

Daktari aliporudi ndani, shemeji aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani. "Na wewe," akasema. "Nakuomba." Aliyekuwa ananiomba ndiye aliyenivunja mkono. Mtoto alikuwa anazinduka.

Binti yangu alishika kidole changu, akakisogeza karibu na jicho, akakisogeza mbali. "Mama, vidole vyako vina ukungu." Aliniita mama. Nililia mpaka nesi akaja kuona kuna nini.

Mama mkwe alizinduka jioni. Alipofungua macho mimi ndiye niliyekuwa na kitambaa juu ya paji lake la uso.

"Mtoeni huyu," akasema. Sauti ilikuwa imekauka, lakini akili ilikuwa yake. "Nani amemwacha anishike?"

Nilimuuliza kama anakumbuka aliyoyasema. Hakukumbuka kitu tangu pale alipomaliza lile tonge. Daktari aliniambia ndivyo inavyokuwa, sumu ile inafuta. Nesi aliyesikia alikuwa amekwisha kumaliza zamu. Alikuwa amebaki shemeji.

Mwenyekiti aliuleta mtama na tawi. Daktari akamwaga mtama kwenye sinia mbele ya kitanda cha mama mkwe, akatenga kwa kalamu punje bapa, nyeusi, kama figo ndogo ndogo. Akapasua tunda la miiba, akamwaga mbegu zake kando. Zilikuwa zile zile.

"Hii ndiyo sumu, mama. Gugu hili lilikuwa shambani kwako, mkalipura na mtama. Hakuna mtu aliyewawekea."

Mama mkwe aliinamia sinia kwa muda mrefu, macho yake bado hayaoni vizuri vya karibu. Kisha akauliza, "Na nani alikuwa anapalilia?"

Daktari alimwambia mwenyekiti, na polisi mmoja aliyekuja kuuliza, kwamba hakuna kesi ya sumu pale. Kuhusu mkono wangu polisi aliuliza nilianguka wapi. Shemeji alikuwa amesimama nyuma yake. Nilisema niliangukia mawe. Nilikuwa nafikiria mtoto wangu atalala katika nyumba ya nani kuanzia kesho.

Mume wangu alikuta kaburi limekwisha kuchimbwa. Alikuja na vumbi la machimbo nywelani, akamlilia baba yake kwa kujitupa chini, wakamshika. Nilingoja mpaka watu wametawanyika kidogo. Nilidhani ataniuliza mkono umefanya nini. Ulikuwa umefungwa shingoni kwa kitenge, hauwezi kutoonekana.

"Niambie kitu kimoja tu," akasema. "Kwa nini wewe hukula?"

"Sikubakishiwa."

"Siku ile?"

"Siku zote."

Yeye amelelewa katika nyumba ile. Mara zote alizokuja likizo alikula sahani moja na baba yake, na mimi niliwanawisha, na jioni aliniuliza kwa nini napungua. Naamini aliona, akachagua kutoelewa.

"Unamtukana mama yangu na msiba haujaisha," akasema.

"Muulize mdogo wako mama yenu alisema nini hospitali."

Akamwita. Shemeji akaja, akasimama mikono nyuma. Mume wangu akamuuliza. Shemeji akasema mama alikuwa amechanganyikiwa, alikuwa anaongea na ng'ombe waliokufa, hakuna neno la maana alilosema. Alisema hivyo akiwa anatazama kidevu changu, si macho.

Pale pale ningeweza kusema habari ya maziwa. Neno lilikuwa mdomoni. Nilimtazama, naye akajua lilikuwa mdomoni, jasho likamtoka. Sikulisema. Si kwa wema. Niliona kwamba hata nikilisema, litageuzwa na kuwa langu, kama ugali ule ulivyogeuzwa.

Ukoo ulikaa baada ya matanga. Wazee walikubali maneno ya daktari, wakasema mbegu ni mbegu. Lakini mjane amesema hawezi kula tena chakula kilichopikwa na mimi, na mjane ana haki ya kusikilizwa. Kwa hiyo nirudi kwetu nikapumzike. Hawakusema talaka. Mtoto akabaki, kwa kuwa mahari ilitolewa. Nilipoomba niondoke naye walau mpaka macho yake yapone, mama mkwe alimpakata akamgeuzia uso ukutani.

"Atapona hapa hapa," akasema. "Hapa ndipo anapokula."

Mwenyekiti alinipeleka barabarani kwa pikipiki yake. Alisema, "Pole, mama," na kuniachia maji ya chupa.

Mama yangu, Mamba, alinipikia wali na samaki wa ziwani, akaniweka peke yangu na sufuria nzima. Nilikula mpaka nikatapika, nikala tena. Hakuniuliza kitu. Mkono uliunga vibaya. Hadi leo hauwezi kunyooka, na wala siwezi kujitwisha ndoo bila mtu wa kunisaidia.

Sasa nimepanga chumba Nsemulwa, pale Mpanda mjini, na nauza mitumba. Mume wangu ameoa mwingine, mtu wa kwao. Nasikia naye amekonda. Shemeji alikuja mara moja kwenye meza yangu sokoni, akapekuapekua mashati ambayo hayamwenei. Amezeeka upesi.

"Bado hujamwambia mtu?" akauliza.

"Unanunua au hununui?"

Akasema kila akikamua ng'ombe anamsikia mzee anakoroma. Alitaka nimwambie kitu. Sijui ni kitu gani, labda kwamba na mimi ningefanya vile vile, kwamba alikuwa anampenda baba yake. Yote mawili yanaweza kuwa kweli. Nilikunja shati alilolikunjua, nikamwita mteja aliyekuwa nyuma yake.

Mwaka jana, baada ya mwenyekiti kuwasemesha sana, walikubali binti yangu aje kwangu likizo. Amekuwa mrefu kama babu yake, na macho yalipona kabisa. Nilimpokea stendi, nikambeba begi, njia nzima ananiita "wewe" kwa sababu hajazoea neno jingine. Nilikuwa nimenunua nyama. Nilipika wali, nikapakua sahani mbili, yake nikaijaza.

Hakunawa. Alikaa mikono mapajani.

"Kula, mama. Huli nyama?"

"Nakula."

"Sasa?"

Akaniangalia kwa adabu, kama mtoto anayejibu swali darasani. "Bibi amesema nisile kwako mpaka uonje wewe kwanza. Kwenye sahani yangu."

Nilivuta sahani yake, nikachota wali na kipande cha nyama, nikatafuna, nikameza. Alikuwa anaangalia koo langu. Nilitaka kuanza kula, akasema bado, bibi amesema kusubiri kidogo. Tukasubiri. Nje jirani alikuwa anamwita mwanaye akaoge, na chakula kilikuwa kinapoa kati yetu. Baada ya muda akanawa mikono, akala haraka, kwa njaa ya safari, na alipomaliza akasukuma sahani mbele akaomba kuongezewa.

Nikampakulia. Akangoja nionje tena.